Abiria aelezwe kanuni za chakula na vitu vilivyozuiwa kabla hajafunga begi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua ili nijibu hoja ambayo imekuwa ikijirudia humu, kwamba abiria wanaonyang'anywa vitu vyao kwenye ukaguzi wa viwanja vya ndege wamejitakia wenyewe, kwa kuwa kanuni zimebandikwa ukutani na kila mwenye macho anaweza kuzisoma. Ni kweli zimebandikwa. Lakini zimebandikwa mahali ambapo abiria hana tena la kufanya: mzigo wake mkubwa umeshapokelewa, aliyemsindikiza ameshaondoka, na foleni iliyo nyuma yake inamhimiza asogee. Tangazo linalosomwa wakati huo halimsaidii mtu kujiandaa. Linamwarifu tu kwamba kitu chake kinabaki, na mara nyingi halimwambii hata sababu.

Ninavyoona mimi, kosa kubwa si la abiria wala si la maofisa wanaokagua, ambao wengi wao wanatekeleza tu walichoagizwa. Kosa liko kwenye wakati na namna ya kutoa taarifa. Kile tunachokiita kwa jumla kanuni za uwanja wa ndege ni kanuni za wenyewe watatu, na kila mmoja ana hofu yake. Watu wa usalama wanamhofia mtu mwenye nia mbaya. Mashirika ya ndege yanahofia moto angani. Maofisa wa karantini na forodha wa nchi unayokwenda wanahofia ugonjwa na mdudu. Kwa hiyo kitu kimoja kinaweza kuruhusiwa na huyu na kukataliwa na yule katika safari ileile: tufaha litapita kwenye ukaguzi wa usalama bila neno, kisha likutoze faini ukishatua, chupa ya asali itazuiwa kwenye begi la mkononi, lakini itakubaliwa katika mzigo mkubwa, na betri ya akiba ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa hairuhusiwi kwenye mzigo mkubwa na lazima uingie nayo ndani. Abiria asiyejua kwamba anazungumza na watu watatu huona anachezewa.

Vimiminika ndivyo vinavyoleta ugomvi mwingi zaidi. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba walikuwa wamewakamata watu waliopanga kulipua ndege zinazokwenda Amerika Kaskazini kwa kutumia vilipuzi vya kimiminika vilivyofichwa katika chupa za vinywaji baridi. Siku za mwanzo abiria waliokuwa wakiondoka Uingereza walikatazwa kubeba karibu kila kitu mkononi, na mzazi aliyekuwa na maziwa ya mtoto alitakiwa ayaonje mwenyewe mbele ya afisa. Baadaye masharti yalilegezwa: Marekani mwezi Septemba na Umoja wa Ulaya mwezi Novemba mwaka huohuo ziliruhusu vyombo visivyozidi takriban mililita 100, vikiwa pamoja ndani ya mfuko mmoja unaoonekana ndani wenye ujazo wa lita moja hivi. Kisha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, likazishauri nchi nyingine zifuate utaratibu huo.

Hapa ndipo maelezo madogo yanapokuwa na thamani kubwa. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi kilichobaki ndani yake. Tyubu ya dawa ya meno iliyoandikwa mililita 150, hata ikiwa imeminywa hadi imekunjamana, itakataliwa, kwa sababu afisa hana namna ya kupima mabaki na foleni haimpi nafasi hiyo. Anasoma kilichoandikwa kwenye ganda. Vilevile, kimiminika kwa maana ya kanuni hizi si kile tu kinachomiminika. Jamu, asali, mtindi, siagi ya karanga, jibini laini na mchuzi mzito vyote vimo. Mtu aliyezoea kuviita vyakula hawezi kubahatisha hilo peke yake, na simlaumu hata kidogo.

Vyakula vikavu kwa kawaida huruhusiwa, ila navyo vina kisa chake. Katika picha ya eksirei, vitu kama vyakula, karatasi na plastiki huonekana kwa rangi ya machungwa, na metali kwa rangi ya buluu. Bonge la jibini gumu au chokoleti nene huonekana kama bonge zito la rangi ya machungwa, na vilipuzi vya plastiki huonekana hivyohivyo. Ndiyo maana afisa husimamisha mkanda, hulirudisha begi na kuomba lifunguliwe. Abiria huchukulia kwamba ameshukiwa yeye, wakati kilichoshukiwa ni umbo. Angeshauriwa mapema aweke vyakula vyake juu ya begi, au kwenye trei ya peke yake, pande zote mbili zingeokoa muda. Unga nao una kanuni yake: tangu mwisho wa Juni 2018, ndege zinazokwenda Marekani kutoka nchi nyingine zina masharti ya ziada kwa bidhaa za unga zinazozidi mililita 350 katika begi la mkononi, na abiria wengi hawajapata kulisikia jambo hilo.

Siku hizi mambo yamezidi kuchanganya, kwa sababu baadhi ya viwanja vimefunga mashine mpya zinazotoa picha ya pande tatu na kuweza kutambua kimiminika ndani ya chombo, hivyo huruhusu chupa kubwa zaidi. Hilo ni jambo jema, ila halijafika kila mahali, na hata palipofika halijatulia: Umoja wa Ulaya ulirudisha kikomo cha mililita 100 tarehe 1 Septemba 2024, hata katika viwanja vyenye mashine hizo, ukisema ni hatua ya muda kwa sababu za kiufundi. Msafiri anayeondoka uwanja wenye mashine mpya na kubadilisha ndege kwenye uwanja wenye mashine za zamani anaweza kunyang'anywa huku alichoruhusiwa kule. Jambo kama hilo huwapata pia wanaonunua chupa katika maduka yasiyotozwa ushuru. Chupa hiyo hufungwa ndani ya mfuko maalumu pamoja na risiti yake, na mfuko haupaswi kufunguliwa hadi mwisho wa safari. Ukifunguliwa njiani ili mtu aonje au aonyeshe wenzake, ulinzi wake umekwisha. Anayeingia Marekani na kuunganisha ndege ya ndani huchukua mizigo yake forodhani kisha hukaguliwa upya, kwa hiyo ni heri aitie chupa hiyo ndani ya mzigo mkubwa kabla hajaukabidhi tena. Muuzaji wa duka lile anaiona pasi ya kupandia ndege ya mnunuzi wakati wa kulipa. Anashindwaje kumwambia maneno hayo mawili?

Kuhusu dawa na maziwa ya watoto, kikomo cha mililita 100 kwa kawaida hakitumiki kwa kiasi kinachohitajika safarini, mradi abiria avitoe na kuvitaja mwenyewe kabla begi halijaingia kwenye mashine. Ila asisahau kwamba dawa inayouzwa bila cheti katika nchi moja inaweza kuwa marufuku katika nyingine. Japani, kwa mfano, inakataza dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoefedrini, kemikali ya kuzibua pua. Cheti cha daktari na pakiti yenye maandishi ya kiwandani ni vitu vya kutembea navyo.

Betri nazo ni habari nyingine, na hapa hofu ni moto. Mwezi Septemba 2010 ndege ya mizigo ya shirika la UPS iliungua na kuanguka Dubai, marubani wake wawili wakafa; shehena yake ilikuwa na betri nyingi za lithiamu. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 ICAO ilipiga marufuku betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama shehena katika ndege za abiria. Betri ya aina hii ikiharibika hujipasha joto yenyewe, seli moja ikiichoma inayofuata, na gesi ya kuzimia moto iliyoko tumboni mwa ndege huweza kudhibiti miali bila kuipoza betri. Ndani ya chumba cha abiria, moshi utaonekana mapema na mhudumu ataweza kuimwagia maji. Hiyo ndiyo sababu pawabenki (betri za kuchajia simu) na betri zote za akiba hubebwa mkononi. Ukiisikia mara moja huwezi kuisahau, nami sijapata kuona tangazo la uwanja wa ndege linaloieleza. Yote huishia kwenye picha ya betri iliyokatwa kwa mstari mwekundu, ambayo abiria mwenye akili timamu ataielewa kwamba betri haziruhusiwi kabisa.

Kikomo cha kawaida cha betri ya akiba ni wati-saa 100, yaani kipimo cha nishati ambayo betri inaweza kuhifadhi. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege na huwezi kubeba zaidi ya mbili za akiba. Juu ya hapo haziingii kabisa. Tatizo ni kwamba watengenezaji hupenda kuandika kwa herufi kubwa namba ya miliampea-saa, kwa sababu ndiyo inayovutia wanunuzi, na wati-saa huandikwa kwa herufi za kutafutia miwani. Hesabu yenyewe si ngumu: gawa namba ile kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti zilizoandikwa, ambazo kwa kawaida ni 3.7. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 ina wati-saa 74, kwa hiyo inapita. Tena kuna mtego mmoja unaowanasa hata wasafiri wazoefu. Ndege ikijaa, wahudumu huyachukua mabegi ya mkononi mlangoni na kuyapeleka chini na mizigo mikubwa. Wakati huo begi lililoingia kihalali likiwa na pawabenki linageuka kuwa mzigo usioruhusiwa, na mwenye begi asipokumbushwa aitoe, kanuni yote imekuwa bure. Mwezi Januari 2025 ndege ya abiria iliteketea ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na wachunguzi wakaielekezea kidole pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Watu wote walitoka wakiwa hai, na kuanzia Machi mwaka huo nchi hiyo ikazuia pawabenki kuwekwa katika makabati hayo.

Sasa nije kwenye chakula na nchi unayofikia, ambako ndiko abiria huumia zaidi na ndiko maelezo yanakosekana kabisa. Wengi huamini kwamba kitu kikishapita kwenye mashine za usalama, kimeruhusiwa. Sivyo. Mashine zile hazijali kama soseji yako ina virusi au embe lako lina mayai ya nzi. Anayejali hayo anakusubiri upande wa pili, baada ya kuchukua mizigo, na mara nyingi ana mbwa.

Wala hajali bure. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika havimdhuru binadamu, ila huua nguruwe wengi mno, na huweza kuishi kwa miezi katika nyama iliyogandishwa na katika baadhi ya nyama zilizokaushwa au kutiwa chumvi. Ugonjwa huo uliingia Georgia mwaka 2007, na inadhaniwa ulitokana na mabaki ya chakula kutoka melini yaliyowafikia nguruwe. Kutoka hapo ukasambaa Urusi na Ulaya Mashariki, na mwaka 2018 ukaonekana China. Taiwan, kwa kuogopa yaliyowapata majirani, inamtoza anayeingiza bidhaa za nguruwe kutoka maeneo yenye ugonjwa huo dola 200,000 za Taiwan kwa kosa la kwanza, na mgeni asiyelipa hurudishwa alikotoka. Uingereza nayo haijasahau mwaka 2001, ilipoua zaidi ya mifugo milioni sita ili kuuzima ugonjwa wa miguu na midomo, ambao uchunguzi uliuhusisha na mabaki ya chakula waliyolishwa nguruwe bila kuchemshwa. Kwa matunda, adui ni nzi wa matunda, ambaye hutaga mayai chini ya ganda; tunda lililo safi machoni pa mwenye nalo linaweza kuwa na funza ndani, na nzi wakizaana katika nchi isiyokuwa nao, wakulima wake hufungiwa masoko ya nje.

Ukizijua sababu hizo, kanuni ambazo zilionekana za ajabu huanza kueleweka. Umoja wa Ulaya huwazuia abiria wengi wanaotoka nje yake kuingiza nyama na maziwa pamoja na bidhaa zake, ila unaruhusu, kwa mfano, maziwa ya unga ya watoto na vyakula maalumu vya wagonjwa visivyozidi kilo mbili, vikiwa vimefungwa kiwandani na havihitaji jokofu. Matunda karibu yote yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Abiria anayeona ndizi inapita na embe linatupwa hudhani afisa ana upendeleo, kumbe tofauti iko katika hatari ambayo kila tunda linabeba.

Na jambo kubwa kuliko yote, ambalo laiti lingeandikwa kwenye kila tiketi, ni kwamba katika nchi nyingi kosa linaloadhibiwa si kubeba chakula, bali ni kutokisema. Marekani, Australia na New Zealand zote zinafuata msimamo huo: ukikitaja chakula chako kwenye fomu au mbele ya afisa, kibaya zaidi kitakachotokea kwa kawaida ni kukiacha, na mara nyingine utarudishiwa baada ya kukaguliwa. Ukinyamaza kikaonekana, New Zealand itakutoza dola 400 za huko papo hapo, na Australia inaweza hata kufuta viza ya mgeni. Mwaka 2018 abiria mmoja aliyetua Marekani alitozwa dola 500 kwa sababu ya tufaha aliloligawiwa ndani ya ndege, likiwa kwenye mfuko wenye jina la shirika lenyewe, naye akalihifadhi ili alile baadaye. Kanuni ilivunjwa, sikatai. Lakini shirika lililomgawia tunda dakika chache kabla ya kutua lilikuwa na kila nafasi ya kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba lisitoke nje ya ndege.

Nimewahi kuambiwa kwamba kutoa sababu ni kuwasaidia wahalifu. Siioni nguvu ya hoja hiyo. Kikomo cha mililita 100 kinajulikana duniani kote kwa takriban miaka 20, na kisa chake kilisikilizwa katika mahakama za wazi. Siombi waseme jinsi mashine zinavyofanya kazi wala zinaposhindwa. Naomba mtu aambiwe kwamba betri inaingia naye ndani kwa sababu ya moto, na kwamba nyama inabaki kwa sababu ya mifugo.

Njia ya kufanya hivyo haihitaji kubuniwa, maana tayari ipo. Kanuni za ICAO kuhusu bidhaa hatari zinayataka mashirika ya ndege yampe abiria taarifa za vitu asivyoruhusiwa kubeba pale anaponunua tiketi, na tena anapothibitisha safari. Ndicho kile kisanduku ambacho sote hukibonyeza upesi ili tuendelee na malipo. Tukifungua kilichomo tunakuta picha za mitungi ya gesi, baruti na sumu, vitu ambavyo hakuna familia inayovifungasha, na ni mara chache sana tutakuta neno juu ya jamu, soseji au tunda. Shirika linajua abiria anatoka wapi, anabadilisha ndege wapi na anatua wapi. Linajua anwani yake ya barua pepe vizuri kiasi cha kumtumia matangazo ya viti vyenye nafasi na bima hadi siku ya kuondoka. Haliwezi kushindwa kumtumia, siku tatu kabla, ukurasa mmoja unaohusu safari yake yeye, katika lugha aliyokatia tiketi, ukieleza kwa ufupi kinachokwenda mkononi, kinachokwenda chini, na kinachopaswa kutajwa mbele ya maofisa wa nchi anayofikia.

Viwanja vyenyewe navyo viwape abiria mlango wa kurudi. Kuna viwanja vinavyomruhusu mtu atoke kwenye foleni ya ukaguzi, arudi kaunta aongeze kitu katika mzigo wake mkubwa, au akitume kwa posta kwa gharama yake. Kwingine anaonyeshwa pipa tu. Tofauti kati ya viwili hivi ni meza moja na mfanyakazi mmoja, na sidhani kama ni gharama inayoweza kuushinda uwanja unaotoza ada katika kila tiketi.

Wapo abiria wanaoficha kwa makusudi, wanaofunga nyama ndani ya nguo na kujaza hapana kwenye kila swali la fomu. Hao watozwe, sina huruma nao. Lakini faini haiwezi kumtofautisha mjanja na asiyejua, ikiwa wote wawili walipewa taarifa ileile ya kuchelewa.

Ndugu Mhariri, ninaomba gazeti lenu liwaulize wasimamizi wa usafiri wa anga na mashirika ya ndege ni lini kisanduku kile cha tiketi kitajumuisha chakula na masharti ya nchi anayofikia abiria, na liwachapishie wasomaji majibu yatakayopatikana, pamoja na majina ya watakaokataa kujibu.

Wako,
Msomaji wa muda mrefu